Kofia Zangu, Uso Wako

Mtongwe, Likoni
Alhamisi, baada ya alasiri

Athmani mwanangu,

Umetoka na babako kwenda kuaga kwa shangazi yako Timbwani, nami nimebaki na nyumba iliyonyamaza hata nasikia friji ikinguruma. Nimeona niandike sasa hivi. Mkisharudi nitaanza kukuuliza umetia sweta ngapi, kitambulisho umekiweka wapi, na chai ya njiani utainywa wapi, na jioni yetu itakwisha hivyo hivyo. Hayo nayaacha. Mjomba wako atakupokea Nakuru, na wewe si mtoto wa kushikwa mkono.

Nataka kukuandikia juu ya kazi unayokwenda kuianza. Ndiyo kazi iliyotulea, na yapo mambo yake ambayo wewe uliyaona kwa upande mmoja tu, na upande wenyewe ulikuwa mchungu.

Unakwenda kuuza leso na viungo vya pilau kwa watu usiowaona. Mtu atakaa kwake Kericho au Nyahururu, ataona picha kwenye simu, atatuma pesa, kisha atangoja. Dukani mnunuzi hukishika kitu, hukigeuza, hukinusa, akabishana na mwenye duka, ndipo akafungua mkoba. Mnunuzi wako wewe hufungua mkoba kwanza, na kinachobaki mkononi mwake ni neno lako tu. Mimi miaka yote hii sijazoea. Kila simu ikilia kuniambia pesa imeingia, huwa kama nimekabidhiwa mtoto wa wenyewe nimshike mpaka mamake arudi.

Unajua nilivyoanza. Kushona kofia za mkono nilifundishwa na bibi yako, kitundu kimoja kimoja, kukizungushia uzi mpaka macho yanakuuma. Sikuwaza kuwa ni biashara. Babako alivaa kofia yangu kwenye harusi, mgeni mmoja kutoka Voi akaipenda, akaniomba nimshonee, nikampelekea kwa basi ikiwa nimeifunga ndani ya boksi la viatu ili isipondeke. Yule akamwambia mwenzake. Wewe ulipokuwa kidato cha kwanza ukanifungulia ukurasa kwenye simu, ukauita Kofia za Mtongwe. Nilicheka. Nikasema jina kubwa kama la kampuni, na mwenyewe ni mwanamke aliyekaa kwenye mkeka.

Kisha tukahitaji picha, na kofia ukiilaza mezani haionekani kofia, huonekana bakuli. Nikakuita.

"Athmani!"

"Labeka, Mama."

"Njoo ukae hapa dirishani, nivalishe kichwa chako."

Ukasema, "Mama, shuleni watanicheka." Nami nikakujibu, "Kaa hapo, nyamaza, tazama mbele." Ukakaa. Ukanyamaza. Ulikuwa na uso mzuri, mwanangu, na hata sasa unao, na kofia zilitoka kwenye ukurasa ule kama maji. Watu waliandika, "Nataka kama ile ya yule kijana." Nilijigamba kwa majirani. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba uso ni wako, si wangu, na kwamba nilikuwa nimeutuma mahali nisipopajua bila kukungojea useme ndiyo.

Sasa nikukumbushe Mzee Kazungu wa Utange, maana bila yeye barua hii isingeandikwa hivi. Wateja wasumbufu nimewaona wengi, lakini yule alikuwa wa peke yake. Alitaka kofia ya mkwewe. Nikamweleza apime kichwa kwa uzi, juu ya masikio, kisha aulaze uzi kwenye rula. Akapima kichwa chake mwenyewe, akasema cha mkwewe ni kama chake, nikashona, ukampelekea mpaka mlangoni kwake Utange. Siku ya pili akapiga simu.

"Mama Athmani, kofia hii ni ndogo."

"Mzee, nimeshona kwa kipimo ulichonipa."

"Kipimo ni changu, lakini kofia ni yako, na haiingii."

Ningeweza kumwambia kosa ni lake, na lilikuwa lake. Lakini niliona mtu akiwa na kofia isiyoingia, ushindi wangu hautamvalisha. Nikaichukua, nikatafuta nyingine kubwa zaidi niliyokuwa nayo, nikakutuma tena. Akapiga tena. Safari hii kanji ilikuwa imezidi, kofia inasimama kama kopo. Hapo alikuwa na haki. Nikaifua, nikaitia kanji upya, nikakutuma mara ya tatu, nawe ukanung'unika njia nzima, na mimi jikoni nilimsema maneno ambayo siyaandiki hapa. Nilisema pia kwamba yule mzee sitamuuzia tena maishani mwangu.

Siku yenyewe unaijua, lakini uliijua ukiwa ndani yake, umezungukwa. Mengine nilielezwa na walioiona kutoka nje.

Ulikuwa unatoka shule, umevaa sare, umesimama kwenye banda la feri upande wa kisiwani ukingoja kuvuka. Kijana mmoja akakutazama, akatazama simu yake, akakutazama tena. Kisha akakukamata shati kifuani. "Wewe ndiye wa kofia! Mwizi mkubwa wewe!" Ulimwambia humjui. Akawaonyesha watu simu: hii hapa sura yake, hili jina lake la Kofia za Mtongwe, nimemtumia pesa za kofia ya nikahi yangu, amenifungia simu. Neno mwizi likishatajwa mahali penye watu wengi halina mwenyewe tena. Waliokuwa mbali hawakuuliza kilichoibwa. Shati likapasuka, mtu akakupiga mdomoni, mwingine akasema mfungeni.

Mzee Kazungu alikuwa kwenye banda hilo hilo, anavuka kuja Likoni kwa binti yake, ana mfuko wa mihogo. Aliniambia mwenyewe kwamba hakukutambua kwa uso, maana uso ulikuwa na damu. Alikutambua kwa sauti, ulipolia, "Mimi ni mwana wa mshona kofia!" Akaupasua umati kwa ule mfuko wa mihogo.

"Mwachilieni. Huyu namjua."

"Mzee, kaa mbali, huyu ni mwizi wa mtandaoni."

"Mwizi gani anayekuja mlangoni kwako mara tatu kubadilisha kofia? Mimi nilimsumbua mamake mpaka nikaona haya. Kofia ya kwanza haikuingia, ya pili ilikuwa mbovu, na kila mara kijana huyu alikuja. Mwizi hurudi?"

Wallahi, kila nikikumbuka jinsi alivyokutetea nacheka na kulia pamoja, kwa sababu hata akikuokoa roho hakuacha kusema kofia ya pili ilikuwa mbovu.

Umati ulitulia kidogo, na kidogo hicho kilitosha. Askari wa feri wakaja, wakawapeleka nyote watatu kituoni, nami nikapigiwa simu. Sikumbuki nilivukaje. Nakumbuka tu kuingia na kukuona umekaa kwenye benchi, mdomo umevimba, na Mzee Kazungu kando yako amekushika bega kama amekuzaa yeye. Babako alikuja moja kwa moja kutoka bandarini na buti zake za kazi.

Yule kijana aliyekukamata ndiye Swaleh. Alikuwa wa Changamwe, akifanya kazi kwenye duka la kompyuta huko upande wa Airport. Bado alikuwa na hasira. Afande alichukua simu yake, akautazama ukurasa, akanigeuzia.

"Hizi picha ni zako, mama?"

"Ni zangu, afande. Mwanangu, dirisha langu, kofia zangu. Lakini ukurasa huu si wangu. Nambari hii siijui."

"Na hili jina ni lako?"

"Ni langu."

"Umelisajili? Una cheti cha jina la biashara?"

Jirani yetu alishaniambia mara nyingi, nami nikimjibu kwamba mimi ni mshona kofia tu, cheti ni cha wenye maduka.

"Sina, afande."

"Basi mwenye ukurasa huu naye akija hapa akaniambia jina ni lake, mimi nitajuaje?"

Hakunisemea vibaya. Aliuliza tu, kama mtu anayetaka kujua. Lakini nilijiona mdogo. Nilikuwa nimefanya kazi ya halali miaka, na halali yangu sikuwa na karatasi ya kuionyesha. Nilidhani sheria imewekewa wakubwa. Siku ile nikaona kwamba mkubwa akisingiziwa ana wakili na ana watu, na mdogo ana cheti tu, akikumbuka kukichukua.

Aliyetuokoa ni afande mwenyewe. Aliniambia niweke simu yangu mezani, kisha akamwambia Swaleh apige ile nambari iliyo kwenye ukurasa, aweke sauti kubwa. Simu yangu ikalala pale mezani kimya. Ile nyingine ikaita, ikaita, mwanamume akapokea, "Kofia za Mtongwe, karibu." Sauti nyororo kabisa. Afande akajitambulisha. Ikakatika. Akapiga tena, ikawa imezimwa.

Swaleh akakutazama. Alikuwa na pua iliyoanza kuvuja kama mtoto. Akasema, "Ndugu yangu, nimefanya nini mimi." Wewe hukumjibu, na hukuwa na wajibu wa kumjibu.

Sasa nikuandikie ambayo hukuyaona, kwa maana ulirudi ukalala, na siku nyingi baada ya hapo ulikaa chumbani umegeukia ukuta.

Nambari yangu ya kweli ilikuwa kwenye ukurasa wetu wa kweli, na waliotapeliwa wakaanza kuipata. Walipiga asubuhi mpaka usiku. Wengine walitukana kabla ya salamu. Babako akasema nizime simu. "Si sisi tuliokula pesa zao. Sheria haikudai hata senti." Alikuwa sawa. Afande naye alisema hivyo hivyo. Nisingeweza kuwarudishia watu ambao pesa zao sikuziona, hata ningeuza mlango wa nyumba hii.

Lakini kuzima simu nilishindwa. Niliona kama nitakuwa nimefanana na yule. Basi nikawa napokea. Namwacha mtu atukane mpaka aishiwe pumzi, kisha namwambia, "Mwanangu, au dada yangu, au mzee wangu, mimi ndiye mwenye kofia hizo, na mimi pia nimeibiwa. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu nawe, wapelekee ule ujumbe wa malipo, na kampuni ya simu nayo uiarifu." Nikaandika hivyo kwenye ukurasa pia, maneno machache, na nambari yangu ya kweli. Wapo waliokata simu. Wapo waliosema samahani. Mama mmoja wa Garissa akaniombea dua, na hakuwahi kunijua wala kupata kofia yake. Nilikaa chini jikoni nikalia baada ya simu ile, si kwa huzuni.

Na Swaleh nikahi yake ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Sikuwa na kofia iliyokwisha ya kipimo chake, na kofia ya mkono haishonwi kwa siku mbili. Nikamwambia babako kwamba moyo haunipi kumwacha aoe bila kofia. Akaniambia yule aliyemkamata mwanawe asitajwe mbele yake. Nikaacha.

Alhamisi asubuhi nikamwona babako anatafuta mfuko wa kaki. Ameitoa kabatini ile kofia yake mpya aliyoiweka ya Idi.

"Unakwenda wapi nayo?"

"Changamwe. Kichwa cha yule kijana na changu ni kimoja, nilimtazama kituoni."

"Si ulisema asitajwe?"

"Sijamtaja. Na simpi kwa sababu ananidai, maana hanidai. Nampa kwa sababu anaoa."

Babako hataki jambo hili lisemwe, ndiyo maana nakuandikia hayupo. Idi ile alivaa kofia yake ya zamani na akasema aipenda zaidi. Wewe uliamini.

Swaleh alikuja na bibi harusi wake wiki iliyofuata, wameleta halwa. Hukutoka chumbani. Alikaa hapa sebuleni akataka kujua atalipaje wema ule, nami nikamwambia kama ajua mambo ya kompyuta anisaidie kusajili jina. Akacheka kwa haya. Ndiye aliyeniandikisha, ndiye aliyenionyesha namna ya kupeleka hesabu za kodi kila mwaka hata mwaka wenye kofia chache, ndiye aliyenipeleka ofisi za kaunti kwa leseni. Yule aliyekukamata shati ndiye aliyenifundisha kusimama kisheria. Mimi nashindwa kumchukia, na wewe sijakuomba umpende.

Lakini kuna swali moja aliniuliza siku ile, la kawaida tu, akijaza mambo yake kwenye simu. "Mama, kijana alikubali kupigwa picha hizi? Siku hizi sheria yalinda sura ya mtu, na mtoto zaidi." Nikafungua kinywa kusema ndiyo. Nikakukumbuka ulivyosema shuleni watanicheka, na jibu nililokupa. Usiku ule nilizitoa picha zako zote.

Unakumbuka nilivyokuja kukaa kitandani kwako? Nilikuambia nimezitoa, na kwamba nilipaswa kukuuliza mwanzo. Kisha ukasema, "Haya, Mama." Hilo tu. Nilitoka sijui kama nimesamehewa ama nimeondolewa tu mlangoni.

Nikawa napiga picha kofia juu ya sufuria iliyopinduliwa. Biashara ikalala, na nakwambia kweli, hakuna mtu anayetaka kununua kofia ya sufuria. Babako aliicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa radhi ilale.

Kisha siku moja, bila mtu kukuambia, ukatoka chumbani umeoga, umevaa kanzu, ukaketi dirishani.

"Nipige picha."

"Una hakika, Athmani? Usifanye kwa ajili yangu."

"Sifanyi kwa ajili yako. Aliyeiba ndiye afiche uso wake. Mimi wangu nauweka."

Mwanangu, nimezaa, nimezika wazazi, nimeona mengi. Sijawahi kushukuru kama nilivyoshukuru nikiishika simu ile, na picha za kwanza zote zikatoka na ukungu. Yule tapeli hatukumpata. Sauti yake naikumbuka mpaka leo. Mwanzo iliniuma, siku hizi nikiikumbuka nakumbuka pia sauti yako siku ile dirishani, na yako ndiyo kubwa.

Sasa wewe unakwenda kufungua yako. Sikupi amri, nakwambia tu mimi nilipojikwaa.

Jina lisajili kabla ya leso ya kwanza kuuzwa. Usifanye kama mimi. Na viungo vyako, kabla hujavitia pakitini, nenda kwa watu wa viwango uwaulize chakula kinachouzwa kwa pakiti kinatakiwa nini, hata kama kila mtu sokoni anauza kwenye karatasi ya nailoni. Andika uzito wa kweli, na siku uliyosaga, na kilichomo. Mtu mmoja wa mtaani alinishauri nikuambie uandike kwamba binzari yatibu magonjwa, itanunuliwa kwa fujo. Nilimuuliza, na mgonjwa akiacha dawa za hospitali kwa ajili ya binzari ya mwanangu, nitamjibu nani? Wewe uza pilau. Pilau yatosha kusifiwa bila uongo.

Rangi za leso kwenye simu huongopa. Leso iliyoonekana nyekundu huja kuwa ya rangi ya machungwa, na mtu amenunua ya sare ya harusi, na wenzake wote wako na nyekundu. Piga picha nje, kwenye mwanga, na ukiona bado yadanganya, iandike kwa maneno. Nilipoteza mteja mzuri wa Kilifi kwa kofia niliyosema nyeupe, ilikuwa ya rangi ya maziwa. Hakuteta. Hakurudi tu. Anayeteta bado anakutaka.

Mzigo ukipotea njiani ni wako, si wa aliyelipa. Utalaumu basi, utalaumu mvua, na wote huenda wana makosa, lakini huyo mama aliyekutumia pesa hakuzungumza na basi, alizungumza na wewe. Mrudishie au mpelekee mwingine, kisha wewe ndiye ukateta na basi. Na usiahidi siku usiyoiweza. Wakati wa Idi nilikuwa nikisema ndiyo kwa kila mtu kwa kuona haya kusema hapana. Watu wakavaa kofia za zamani msikitini kwa sababu ya ndiyo zangu. Hapana ya mapema ni adabu.

Na nambari za watu. Hili nakuomba uliweke moyoni. Utakuwa na majina, nambari za simu, na mahali wanapokaa watu, na hawakukupa wewe, waliipa leso ipate njia. Wakati wa kampeni alikuja kijana mmoja nadhifu hapa kwetu, akanitaka nimuuzie nambari za wateja wangu wa Likoni na Kisauni, awatumie ujumbe wa mheshimiwa wake. Alinitajia pesa nzuri. Nikamwambia siuzi watu, nauza kofia. Akasema, "Nani atajua, Mama?" Alisema kwa upole kabisa, wala sidhani alijiona mbaya. Sheria yakataza jambo hilo, lakini siku ile sikuikumbuka sheria. Niliwakumbuka wale walionipigia wakitukana, na yule wa Garissa aliyeniombea dua. Nilijua sauti zao. Hutaweza kumuuza mtu ambaye wajua sauti yake.

Jambo la mwisho juu ya Mzee Kazungu, kisha nakuacha. Miezi baada ya mambo yale alinialika kwa binti yake hapa Likoni. Nilipata kujua kwamba alimkataza binti yule kuolewa na Mwislamu, wakakaa miaka hawasemezani, hata mjukuu alizaliwa hakwenda. Siku alipoamua kwenda hakujua aseme nini mlangoni. Mtu akamwambia mpelekee mkweo kofia. Ndiyo kofia ile. Ndiyo maana haikuweza kuwa ndogo, wala kusimama kama kopo. Mzee alikuwa anabeba maneno ambayo hakuweza kuyasema, na mimi jikoni nilimwita msumbufu. Mkwe aliivaa mbele yetu, imemkaa sawasawa, na Mzee Kazungu akaniambia kwa sauti ya chini, "Hii ya tatu ni nzuri."

Hutajua kilichomo ndani ya mzigo unaoupeleka, mwanangu. Utadhani ni leso. Fanya tu kama ni kitu kikubwa kuliko leso.

Nawasikia wanakuja, babako anacheka huko njiani, kwa hiyo shangazi yako amekupa kitu cha kubeba ambacho hutaweza kukibeba. Acha nimalize.

Nimekuwa mama mwenye bahati. Ulinivumilia nilipokosea, ukanifundisha nilipodhani nafundisha, na hukunisimanga hata mara moja kwa siku ile ya feri. Sijui kama nimewahi kukuambia asante kwa mdomo. Basi naiandika, isipotee: asante, Athmani. Radhi zangu unazo, za mchana na za usiku, ukiuza na usipouza, ukifanikiwa na ukirudi mikono mitupu. Mlango huu hauna siku ya kufungwa kwako.

Ukifika Nakuru usinitumie ujumbe. Piga. Nataka kusikia ukisema, "Labeka, Mama."

Mamako, Mwanakombo